Feza haitembei: niliyosema mbele ya watu wa soko, komini ya Kenya, Lubumbashi

Jambo yenu, baba na mama. Jambo, vijana wa kabine, wa vibanda vya kuweka na kutoa feza ya simu. Naona mmekaa karibu na mlango, na sababu naijua: mteja akipita mnataka mumwone. Kaeni hapo hapo, hakuna ubaya.

Akina mama wa soko wamenialika niwaeleze jinsi malipo ya simu na ya intaneti yanavyofanya kazi. Sikuja kuuza kitu, na kura siombi. Kwa miaka kumi na minne nilikesha mbele ya mashine za malipo, kwanza benki, halafu kwenye kampuni ya kupitisha malipo, na kazi yangu ilikuwa kutafuta feza zilizopotea. Kila siku nilisikia sauti ile ile: “Papa, minatuma, haiyafika. Feza yangu inaenda wapi?” Ofisini tulikuwa na jibu la kuandikiwa, la heshima, lisilosema kitu. Leo sina bosi, nitawaambia jibu lenyewe. Haikwenda popote. Feza haitembei.

Tazameni. Hii mkononi ni noti ya dolari 20. Nikimpa mama huyu wa mbele, imetoka kwangu, imefika kwake. Hii inatembea. (Usicheke, mama, nimeona umeigeuza kutafuta mpasuko. Ni kweli upo, pale pembeni, na kwa hiyo hapa mjini noti hii hainunui hata mkate. Nirudishie.) Na wazee wetu wa Katanga walikuwa na feza ya kutembea zamani sana kabla ya noti: misalaba ya shaba. Watu wa kale walizikwa nayo makaburini kule Sanga, kwenye bonde la Upemba, mingine midogo kama vidole, mingine imewekwa kifuani. Ndiyo ile ile iliyochorwa mitatu kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, na ikapigwa kwenye sarafu za 1961. Msalaba mkubwa ulikuwa mzito kuubeba. Mwenye nao ndiye mwenye nao, hakuna wa kumuuliza.

Sasa, wangapi hapa wanaikumbuka foni? Naona mikono, na yote ni ya mvi. Vijana, nisikilizeni. Nilipokuwa mtoto baba alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na mama mkubwa alikuwa Kolwezi. Baba akitaka kumtumia kitu, tulikwenda kwa mzee mmoja mwenye redio ya sauti na antena ya waya iliyofungwa kwenye mwembe. Baba alimhesabia noti, mzee akaziingiza kwenye droo, akaandika kwenye kaye, daftari lake, akashika kile kidude cha kusemea na kupiga kelele: “Kolwezi, Kolwezi, hapa Lubumbashi!” Mtaa mzima ulisikia mama mkubwa anapokea kiasi gani. Kule Kolwezi mwenzake alifungua droo yake mwenyewe akamlipa mama mkubwa, kwa noti ambazo baba hajawahi kuzigusa. Alitakiwa tu kutaja neno la siri. Kwetu lilikuwa jina la mbwa. Wale wazee wawili walimalizana baadaye, lori likienda, au kwa mtu wa tatu aliyelipa upande wa pili.

Kila nitakachosema kuanzia hapa ni foni isiyopiga kelele.

Tumchukue mama muuza samaki. Asubuhi anampa kijana wa kabine dolari 100 amwekee kwenye simu. Kijana ana dolari 300 ndani ya simu yake, alizonunua kwa wakubwa wa kampuni kwa noti halisi. Anabonyeza. Kwenye daftari la kampuni jina la kijana linashuka hadi 200, jina la mama linapanda hadi 100. Noti ya mama inaingia droo ya kabine, imekaa pale chini ya kitambaa. Hakuna dolari iliyozaliwa na hakuna iliyokufa. Mchana mama anamtumia mwanawe wa Likasi dolari 60. Jina la mama linashuka, la mtoto linapanda. Mtoto anakwenda kabine ya Likasi, anatoa, na kijana wa kule anamlipa kwa noti aliyoachiwa asubuhi na mtu wa mkaa. Noti ya mama bado iko hapa Kenya. (Kenya yetu, komini, sisemi ile ya Nairobi.)

Kilichokwenda ni nini basi? Sentensi. Ukipiga ile namba ya nyota na diyezi (#), simu yako inafungua mazungumzo na mashine ya kampuni, na kila ukurasa wa mazungumzo hayo haubebi zaidi ya herufi 182. Ndiyo maana menyu zake zimeandikwa kwa ubahili, kama telegramu. Mazungumzo hayo hayaandikwi kwenye simu yako. Rezo, yaani mtandao, ikikatika yamekwisha, kama mtu aliyekuwa anaongea nawe akapita kona. SMS inayokuja baadaye inapita njia nyingine kabisa, inaweza kuchelewa, inaweza isije. Vijana wa kabine, hili mnalijua kuliko mimi: SMS ni barua ya habari, feza iko kwenye daftari. Tapeli akikuonyesha SMS, amekuonyesha barua, na barua kila mtu anaweza kuandika. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kumwachia mtu gunia.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo machozi mengi yanapotoka.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, nilikuwa nalipa minerval, ada ya shule, ya binti yangu, dolari 120. Nikaweka namba ya shule, kiasi, kode yangu, nikabonyeza. Kimya. Skrini ikaandika kwamba kuna tatizo, jaribu tena. Nikajaribu tena. Dakika tano baadaye SMS mbili zikaja pamoja kama mapacha. Banakata mara mbili. Na mimi ndiye mtaalamu wa nyumba! Mke wangu hakusema neno, aliniangalia tu, na mnajua kuangaliwa huko.

Kosa lilikuwa wapi? Sentensi yako ina sehemu tatu za kufia. Inaweza kufia njiani kwenda: daftari halijui lolote, feza yako ipo. Inaweza kufia mezani, mashine ikiwa imeshika kalamu: mashine nzuri inafuta mstari nusu na kurudi mwanzo, haiachi jina moja limeshuka na jingine halijapanda. Hii ya tatu ndiyo mbaya: imefika, imeandikwa, feza imehama, halafu jibu linafia njiani kurudi. Kwako wewe uliyeshika simu zote tatu zina sura moja. Kimya. Na mtu akiona kimya anabonyeza tena.

Mafundi wana dawa yake, ya zamani kidogo. Mama anamtuma mtoto dukani na karatasi: gunia moja la unga, karatasi namba 41. Mtoto akichelewa, mama anamtuma wa pili na nakala ya karatasi hiyo hiyo, namba 41. Mwenye duka anaangalia kaye yake: 41 nimeshatoa. Anamrudisha mtoto mikono mitupu, na unga unafika nyumbani mara moja tu. Mfumo ulioandikwa vizuri unafanya hivyo hivyo: namba moja kwa nia moja ya kulipa, hata ujumbe urudiwe mara kumi. Lakini ukifunga menyu ukaanza upya kutoka nyota, mashine inaona karatasi mpya, namba 42. Inakupa gunia la pili kwa heshima zote. Kwa hiyo, mama zangu, kimya kikitokea usitume tena. Uliza salio kwanza. Kama halijashuka subiri kidogo, uliza tena, ndipo urudie.

Feza yangu ilirudi? Kampuni ilichukua siku 19 kukubali kwamba namba mbili zile zilikuwa nia moja. Lakini walipoipigia shule, shule ikasema ile ya pili wameshaihesabu kwa trimestri ya pili. Nikasamehe. Ndiyo trimestri pekee maishani niliyolipa mapema.

Tuje intaneti.

Tarehe 11 Agosti 1994, Marekani, kijana wa miaka 21 aitwaye Dan Kohn alimuuzia rafiki yake wa Philadelphia diski ya muziki kwa kompyuta, dolari 12.48 na gharama ya posta. Jambo dogo, lakini magazeti yaliandika, kwa sababu namba ya kadi ya benki ilipita kwenye mtandao ikiwa imefichwa kwa hesabu. Kadi zenyewe zilikuwa na umri: Diners Club ilianza 1950, na mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea watu 60,000 wa mji wa Fresno kadi ambazo hawakuziomba. Hizo ndizo zilizokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya muuzaji. Intaneti ilimwondoa mtu huyo ikaacha namba yake.

Na namba ya kadi ina ugonjwa wa kuzaliwa. Ni jina lako na ni ufunguo wako, vyote kwa pamoja. Kila duka unalonunua unaliachia ufunguo. Ukitaka kuona tofauti, fikirieni kamba. Kwa simu, wewe ndiye unayesukuma: unatoa amri kwa kode yako, na muuzaji haoni chochote isipokuwa feza kuingia. Kwa kadi, muuzaji ndiye anayevuta: unampa mwisho wa kamba iliyofungwa kwenye akaunti yako, ukiomba mungu avute mara moja tu, na kiasi mlichokubaliana. Kwa sababu hiyo kadi ilibidi iwe na haki ya kulalamika: ukikana malipo, benki yako inaweza kumnyang'anya muuzaji feza hata miezi imepita. Ukisukuma mwenyewe haki hiyo karibu haipo. Kuna watu wa Lubumbashi wanaona aibu kulipa kwa simu mbele ya mzungu mwenye kadi inayong'aa. Mimi naona simu yetu ndogo ya vitufe iliumbwa kwa akili zaidi, ila haina njia ya kurudi.

Kitu kimoja kadi inaishinda simu, na nitawaonyesha kwa chaki. Naandika namba fupi: 73627. Anzeni kulia. 7, iacheni. 2, mara mbili, 4. 6, iacheni. 3, mara mbili, 6. 7, iacheni. Jumlisheni: 7, 4, 6, 6, 7. Nani amepata? Thelathini, asante. Inaishia na sifuri, namba ni nzima. Sasa mtu mwenye haraka anageuza 6 na 2, anaandika 73267. Haya: 7, 6 mara mbili ni 12, na 12 tunaivunja, 1 na 2 ni 3, kisha 2, 3 mara mbili ni 6, 7. Ishirini na tano. Haiishii na sifuri, mashine inakataa papo hapo, kabla hata ya kuuliza benki. Alibuni hili mtu wa IBM, kampuni ya kompyuta, Hans Peter Luhn, aliyeomba hati yake mwaka 1954. Kila namba ya kadi ya benki mliyonayo mfukoni, tarakimu yake ya mwisho kazi yake ni hiyo, kulinda zilizotangulia. Ukikosea tarakimu moja lazima ikamatwe, na ukigeuza mbili zilizopakana itakamatwa karibu kila mara, isipokuwa 0 na 9.

Namba ya simu haina mlinzi huyo. Ukikosea tarakimu moja, umeandika namba nzima ya mtu mwingine, anayeishi, labda komini ya Katuba, na feza imefika kwake halali. Ndiyo maana menyu inakuonyesha jina kabla ya kode. Jina lile ndilo tarakimu yetu ya mwisho. Mara ngapi mnalisoma? Naona vijana wanacheka. Mnabonyeza moja, moja, moja, kode, kwisha.

Kuhusu kuficha namba njiani nitasema kidogo. Duka linagawa makufuli yaliyo wazi kwa kila anayetaka. Yeyote anaweza kufunga sanduku kwa kufuli hilo, lakini ufunguo wa kulifungua uko dukani peke yake. Wataalamu wawili, Diffie na Hellman, waliandika wazo la namna hiyo mwaka 1976, mwaka uliofuata wengine watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakapata hesabu ya kufuli lenyewe, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Netscape ikaliweka kwenye programu yake ya kuvinjari intaneti. Lile kufuli dogo ambalo programu nyingine zinalionyesha juu ya skrini ni hilo. Linasema njia imefungwa. Mwizi naye anaweza kuwa na njia iliyofungwa vizuri sana.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuwa mwenye daftari. Huko Uholanzi David Chaum alikuwa ameanzisha DigiCash mwaka 1989, akitaka sarafu ya kompyuta itakayotembea kweli kama msalaba wa shaba, bila mtu kujua nani kamlipa nani. Akili nyingi, wateja wachache. Ilifilisika mwaka 1998. Mwishoni mwa mwaka huo huo, California, Max Levchin na Peter Thiel na wenzao walianzisha kampuni iliyokuja kuwa PayPal. Mwanzo walitaka watu watumiane feza kwa kompyuta za mkononi, PalmPilot. Watu hawakujali PalmPilot, wakapenda kutumiana kwa barua pepe. Halafu wezi wakaja, wengi, na kadi za kuiba, na kampuni ikawa inavuja mamilioni.

Dawa yao mojawapo naipenda kwa sababu ni ya kijijini kabisa. Mtu akisema “akaunti ile ya benki ni yangu”, PayPal ilimwekea humo sentimu mara mbili, kiasi cha kubahatisha, na kumuuliza: tumekuwekea ngapi na ngapi? Mwenye akaunti anasoma karatasi yake ya benki na kujibu. Mwizi aliyeokota namba tu hawezi. Ni jina la mbwa la mama mkubwa, limerudi na suti. Mwaka 2002 eBay, soko la intaneti, iliinunua PayPal kwa dolari bilioni 1.5.

Na msidhani benki kubwa zina barabara ya siri ya kusafirishia feza. SWIFT, ile rezo ya benki ya dunia iliyo karibu na Brussels, ilianzishwa 1973 na kuanza kazi 1977, na mpaka leo inabeba ujumbe peke yake. Benki ya hapa inayokuandikia dolari kwenye akaunti yako imeweka dolari zake nyingi kwa benki nyingine, nje. Ukimlipa muuzaji wa Guangzhou kwa kompyuta, hapa linashuka jina lako, kule ng'ambo benki moja inapunguza jina la benki yako na kuongeza jina la benki ya Mchina. Jibu la “imekubaliwa” unalipata kwa sekunde chache, lakini wenyewe wanamalizana baada ya siku. Wazee wawili wa foni, na lori lao.

Sasa nyumbani. Mwaka 2002 Celpay, malipo ya simu, ilianza Zambia, ikavuka kuja Kongo, na ilitumika kuwalipa askari waliotolewa jeshini. Watu wamesahau, wanadhani kila kitu kilianzia Nairobi. Kule, kampuni ya simu ya Safaricom ilifungua M-Pesa Machi 2007, baada ya majaribio yaliyokusudiwa watu walipe mikopo midogo. Watu wenyewe wakaitumia kutumiana kati yao, na kampuni ikawa na akili ya kuwafuata. Kwetu Benki Kuu ilitoa instriksyo (agizo) namba 24 mwaka 2011 kuhusu feza ya elektroniki, na mwaka uliofuata M-Pesa ya Vodacom ikafika. Jina ni Kiswahili, pesa, ingawa sisi hapa tunasema feza au makuta. Tumelikubali kama tunavyokubali jina la bwana harusi.

Kanuni kubwa ya feza hiyo ni moja: kila franga inayoonekana ndani ya simu lazima iwe na franga mwenzake iliyowekwa benki, pembeni, isiyoguswa kwa biashara ya kampuni. Daftari juu, feza chini, jumla zilingane. Mkikutana na wakubwa wa makampuni, msiwaulize matangazo. Waulizeni hilo.

Nasema hivi kwa sababu najua kwa nini baba zetu hawaliamini daftari. Feza ya zaire ilipozaliwa, Juni 1967, moja ilikuwa dolari mbili. Oktoba 1993 zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Baba alikuwa na kitabu cha akiba cha benki, jalada la kijani, mihuri mizuri, hesabu haikukosewa hata sentimu moja. Kilichooza hakikuwa daftari, ilikuwa ni kile kilichohesabiwa ndani yake. Mwaka ule jumla yote ya kitabu haikutosha sabuni. Mama alikitumia kuwashia mbabula, jiko la makaa, jalada likabaki, ninalo. Kwa hiyo nikiona simu ya Kongo ina mifuko miwili, mmoja wa franga na mmoja wa dolari, siwacheki waliobuni. Ila msihamishe kati ya mifuko bila kusoma bei ya ubadilishaji kwenye skrini. Kambiste, mbadilishaji feza wa pale barabarani, mara nyingine ana huruma zaidi.

Vijana wataniuliza Bitcoin, nawajibu kabla. Ilianza 2009, daftari lake halina mwenyewe, kila mashine ina nakala, na sarafu hazitazidi milioni 21. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini ukipoteza ufunguo hakuna dirisha la kwenda kupigia kelele, na mimi nimeishi kwa mshahara wa kusikiliza kelele hizo, najua thamani ya dirisha.

Mwisho, Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mnavuka kununua bidhaa, upande ule kuna kwacha na madaftari yao, upande huu kuna yetu, na madaftari hayasomani vizuri. Katikati amesimama kijana mwenye simu mbili. Anapokea feza yako kwenye simu ya Kongo, anatuma kwacha kutoka simu ya Zambia, anakula kidogo. Mtaalamu wa Kinshasa atamwita tatizo. Mimi nikimwona namwona mzee wa foni, antena tu ndiyo imepungua. Siku daftari moja likisoma jingine kuvuka mpaka, kama wanavyofanya kati ya benki na benki kule Brazil kwa Pix, mfumo wao wa malipo ya papo hapo, tangu Novemba 2020, kijana atatafuta kazi nyingine. Mpaka siku hiyo, hesabuni mbele yake, na mngoje salio upande wa pili kabla hajaondoka.

Nimesema mengi. Maswali.

(Hapa naandika kama nilivyokumbuka. Kijana mmoja aliuliza kwa nini kutuma kidogo kunakatwa sana kuliko kutuma kikubwa. Nikamjibu kwamba sentensi ya dolari moja na ya dolari elfu zina urefu ule ule, na kabine inataka kula kwa zote mbili. Hakuridhika, na ana haki. Halafu akasimama mama mmoja wa nyuma, kitambaa cha bluu, muuza makayabu, samaki wa chumvi.)

“Papa, unasema feza ni jina kwenye daftari. Mimi nikifa usiku wa leo, ile ya ndani ya simu ni ya nani?”

Ukumbi ulinyamaza. Nikamwambia: mama, feza haifi na wewe, jina lako linabaki limesimama pale na hesabu yake. Watoto watakwenda na karatasi ya kifo, na ya kuonyesha kwamba ni warithi, na kampuni itatazama jina lililoandikishwa na simukadi. Anayejua kode yako anaweza kuitoa usiku huo huo kabla ya kilio kuanza, daftari halitajua kwamba si wewe. Asiyejua kode atangoja karatasi. Lakini la kwanza watakalotazama ni jina.

“Jina gani?”

Lililo kwenye karata uliyoonyesha siku ya kuandikisha simukadi.

Akakaa kimya kidogo. “Siku ile sikuwa na karata ya uraia,” akasema. “Aliniandikishia mtoto wa shemeji yangu. Ya kwake.”

Nikamuuliza ana kiasi gani humo. Hakujibu, wala sikupaswa kumuuliza mbele ya watu. Akafunga kitambaa chake, akachukua ndoo, na kabla sijamaliza kumjibu mtu aliyefuata nikamwona kupitia dirishani, anavuka barabara kuelekea kwenye kabine ya pembeni, simu mkononi.